Sogea Kidogo

Somo la juma: Yona 4:5–11



Najua wengi wenu mnalima mahindi, tena kando ya msitu. Kwa hiyo nikianza tafakari kwa kumsifu kima, wapo watakaoikunja karatasi hii kabla ya kufika aya ya pili. Wahenga walishatuonya kwamba anayecheka na nyani huvuna mabua, na mahindi yanapokomaa nawaona baadhi yenu mkilala kwenye madungu, debe mkononi, mkilinda kile kilichosalia. Siwaombi muwapende. Naomba mnivumilie dakika chache tu, kwa sababu juma hili kima wamenifafanulia kitabu cha Yona kuliko nilivyokuwa nimekielewa.

Habari yenyewe inatoka mbali. Mashariki ya Puerto Rico, katika bahari ya Karibi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Cayo Santiago, cha hekta 15 hivi. Wapo wenye mashamba ya mkonge makubwa kuliko hicho. Mwaka 1938 mtafiti wa Kimarekani, Clarence Carpenter, aliwaleta kima 409 kutoka India, wale waitwao rhesus, akawaachia huru kisiwani humo. Uzao wao upo hadi leo, na umepita elfu moja. Huwekewa chakula na maji, ila hawafungiwi. Wanazaana, wanagombana na kupatana wenyewe, huku watafiti wakiandika kila siku nani amekaa na nani. Rhesus hawana sifa ya upole. Kila mmoja anakijua cheo chake, na mdogo akijisahau akakaa penye mkubwa, anafukuzwa au anaumwa meno.

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico. Hesabu ya serikali ilifikia watu karibu 3,000 waliopoteza maisha. Kule kisiwani kima wengi walinusurika, lakini asilimia 63 ya uoto iliangamia. Miti iliyobaki ilisimama kama nguzo za simu. Kisiwa kikawa na wanyama wale wale na jua lile lile, ila kivuli kikawa cha kutafuta, na palipo wazi joto lilipita nyuzi 40.

Mngetarajia nini hapo? Mimi ningetarajia vita. Wanyama wakali, wenye vyeo, wamepungukiwa na kitu ambacho hakuna anayeweza kuishi bila yake. Wakubwa wangekamata kivuli na wadogo wangeungua. Lakini Camille Testard na wenzake, walipolinganisha miaka ya kabla ya kimbunga na ile ya baada yake, na kuyachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2024, walikuta kinyume. Ugomvi ulipungua. Kima waliokuwa hawakaribiani sasa walikaa pamoja katika ukanda mmoja mwembamba wa kivuli. Kilichowashangaza zaidi watafiti ni kwamba kima hawakujifungia kwa marafiki zao wa zamani. Waliongeza idadi ya wale wanaoweza kukaa nao, na waliokuwa wapweke kabla ya kimbunga ndio waliobadilika zaidi. Mazoea hayo yakavuka hata saa za joto, kwa maana waliokwisha kushirikiana kivuli mchana walianza kuonekana pamoja hata asubuhi, kabla jua halijawalazimisha. Zamani, kuvumilia wengi karibu yako hakukuonyesha nani ataishi na nani atakufa. Baada ya kimbunga kulionyesha.

Tusiwapambe kima kwa sifa zisizo zao. Hakuna aliyeandika kwamba walipatana au kuombana radhi. Lililotokea ni dogo kuliko hilo: mmoja alisogea karibu, na mwingine hakumuuma.

Faida ya urafiki kwa wanyama hawa imejulikana siku nyingi. Nyani wa Amboseli, upande wa Kenya chini ya Kilimanjaro, wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, na imeonekana kwamba mama mwenye uhusiano wa karibu na wenzake ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona mtoto wake akifikisha mwaka mmoja, hata kama cheo chake kundini ni cha chini. Katika milima ya Atlas, Moroko, baridi kali ya mwaka 2008 na 2009 iliua kima wengi, na wenye wenzao wengi ndio waliokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuiona masika. Mhubiri naye alishasema kuhusu wawili wanaolala pamoja na kupashana moto. Hayo tunayahubiri kila harusi. Cayo Santiago inasema jambo linalotangulia urafiki, ambalo mimi nililihubiri mara chache: kumpa nafasi mtu ambaye si rafiki yako, na pengine hatakuwa.

Sasa mrudieni Yona. Ametoka mjini, ameketi upande wa mashariki, amejijengea kibanda, anasubiri aone Ninawi itapatwa na nini. Mungu anauotesha mtango juu yake, na Yona anafurahi mno. Someni kitabu chote, sura zake nne, na mtaona kwamba hapo tu ndipo tunapoambiwa nabii huyu alifurahi. Mji mzima umetubu na hakufurahi. Amefurahia kivuli cha mtu mmoja. Usiku ukapita, buu likauguguna mtango, upepo wa hari ukavuma kutoka mashariki, jua likampiga kichwani, naye akaomba afe.

Kwa miaka mingi nilimhurumia Yona kwa lile jua. Juma hili nimejiuliza swali la kijinga: kwa nini hakurudi mjini? Pale karibu yake palikuwa na mji wa watu zaidi ya 120,000, na mji hauwi mji bila kuta, milango na vibaraza. Hatuambiwi popote kwamba Waninawi walimfukuza. Kivuli kilikuwepo, tena kingi. Shida ni kwamba ungekaa chini yake na Waninawi. Yona alikuwa tayari kufa juani kuliko kumwambia Mninawi, "Ndugu, naomba usogee kidogo."

Nisimseme Yona peke yake. Wakongwe wa usharika huu mnakumbuka mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya kanisa, tukasali chini ya mwembe kwa miezi minne. Ndani ya kanisa kila ukoo ulikuwa na benchi lake, na mgeni aliyekosea alijulishwa kwa macho. Mwembe haukujua mambo hayo. Saa mbili asubuhi kivuli chake kilikuwa kipana kama uwanja. Kufikia saa tano kilikuwa kimejikusanya kuzunguka shina, nasi tunakifuata, mikeka, viti vya plastiki, watoto na vikapu vya sadaka, kila wimbo tukibanana zaidi.

Palikuwa na mzee mmoja na mama mmoja mjane waliokuwa hawajasalimiana kwa miaka kwa ajili ya mpaka wa shamba. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, nilimwona mzee amebaki ukingoni, bega moja juani, kofia ameishikilia kando ya uso. Mama akavuta upindo wa kanga yake, akahamisha kikapu chake cha ndizi kutoka kulia kwenda kushoto. Hakugeuza uso wala kusema neno. Mzee akakitazama kile kipande cha mkeka kwa muda mrefu, kisha akasogea. Sikumbuki nilihubiri nini siku hiyo. Kikapu nakikumbuka.

Kesi ya mpaka haikuisha kwa hilo. Lakini majuma mawili baadaye niliwakuta saa mbili asubuhi, kivuli kikiwa kingi na kila mtu huru kukaa atakapo, wameketi upande mmoja wa mti, na mama amekuja na mkeka mpana zaidi.

Kisha mabati mapya yakaja. Tulichangishana, tukaimba, tukakata utepe, na Jumapili ya kwanza kila ukoo ukarudi kwenye benchi lake. Mzee kulia, mama kushoto, kama zamani. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Leo naungama mbele yenu kwamba mtango wangu ulikuwa wa mabati, na nilipokuwa nikiutazama kwa furaha sikuona ulichokuwa umetuondolea.

Kule kisiwani, hata miaka mitano baada ya kimbunga, kima walikuwa bado wanavumiliana kuliko zamani. Mtu anaweza kusema hawana sifa hapo, kwa kuwa miti ilikuwa haijarudi. Ni kweli. Lakini je, kwetu jua limepungua? Kuna anayekaa benchi la tatu na ada ya watoto imemshinda. Kuna aliyeambiwa juzi kwamba ana sukari, na hajamwambia mtu. Kuna ambaye mbegu zake zimeoza ardhini mara mbili mwaka huu. Chini ya mwembe, aliyekuwa juani alionekana. Paa limetufunika wote, na hatuoni tena nani anaungua.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, alitanguliza kuchukuliana, ndipo akataja kusameheana. Sisi wachungaji tuna haraka ya kudai lile la pili. Juma hili sidai. Kama kuna mtu ambaye huwezi kumsamehe bado, usijilazimishe kusema maneno ambayo moyo haujayafikia. Hamisha kikapu chako. Kwenye benchi, kwenye foleni ya kisima, kwenye daladala, msibani chini ya turubai, acha nafasi ya mtu mmoja upande ule ambao yeye anaweza kuufikia. Asipokuja, nafasi haikugharimu kitu. Akija, msianze kwa kesi ya mpaka.

Kumbukeni pia jinsi kitabu kile kinavyokwisha. Hatuambiwi kama Yona alirudi mjini. Neno la mwisho ni la Mungu, akiuliza kama asiuhurumie mji ule na watu wake wote, na baada ya watu anawataja wanyama. Mwaka mzima mimi ningeweza kusoma mstari ule bila kusimama penye neno la mwisho.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewahurumia Waninawi pamoja na mifugo yao, tuhurumie nasi tulioketi kila mmoja chini ya mtango wake. Kabla buu halijafika, tuonyeshe aliye juani karibu yetu. Na tukiwa sisi ndio tuko juani, utuondolee kiburi cha kushindwa kusema: naomba usogee kidogo. Amina.