Je, Tumechagua au Tumechaguliwa?

Jumapili moja baada ya ibada, vijana wetu watano walikuwa wamesimama chini ya mwembe kando ya kanisa, wakibishana kwa sauti. Tulidhani ni habari za mpira. Kumbe walikuwa wakibishana juu ya vivinjari, yaani zile programu za simu ambazo kwazo mtu huingia intaneti na kusoma kurasa zake. Mmoja aliisifu Chrome kwa wepesi. Mwingine alisema wenye akili hutumia Firefox. Wa tatu, binti wa kwaya, alisema yeye hutumia Opera Mini kwa sababu huzibana kurasa zikawa nyepesi, na bando lake la wiki likafika Jumamosi.

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akipita aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Wanangu, hivi mnavyovibishania, mmevijaribu vyote?" Wakatazamana. Ikaonekana kwamba wa kwanza alikuwa akitumia kile alichokikuta ndani ya simu siku aliyoinunua. Wa pili aliwekewa na kaka yake. Wawili waliosalia walikuwa wakifuata wenzao. Ni yule binti peke yake aliyekuwa amepata kupima viwili na kukiacha kimoja. Mzee hakusema zaidi. Alicheka, akaenda zake. Lakini swali lake lilitufuata mpaka nyumbani. Mtu akitetea kwa nguvu jambo ambalo hakulichagua, je, hayo ni maoni yake?

Ndugu wasomaji, tusiwacheke vijana. Sisi tunaoandika haya tulizitoa simu zetu jioni ile tukazichungulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amebadilisha kitu. Kivinjari kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza, na mtambo wa kutafutia uliomo ndani yake ulikuwa uleule. Hata hivyo kila mmoja wetu alikuwa na maoni yake: hiki kizuri, kile kizito, na kile kingine ni cha watu wa ofisini.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo dogo. Lakini wako wanaoliona kubwa. Katika kesi ambayo Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Google, ilidhihirika mahakamani kwamba katika mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu na vivinjari na kwa makampuni ya simu, ili mtambo wake wa kutafutia uwe ndio uliowekwa tayari. Katika mwaka 2022 Apple peke yake ilipokea dola bilioni 20. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba kampuni hiyo imevunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake kwa mikataba ya namna hiyo. Tarehe 2 Septemba 2025 aliizuia isifunge tena mikataba ya kuwazibia wengine njia, ingawa hakuikataza kulipa.

Hebu tutafakari. Hakuna aliyekatazwa kubadilisha mtambo wa kutafutia. Ni kazi ya dakika chache tu, tena haina malipo. Basi kwa nini mfanyabiashara mwenye akili zake atoe mabilioni ili apewe nafasi ambayo mteja anaweza kuihama kwa kidole? Ni kwa sababu anajua kwamba wengi wetu hatutahama. Alichonunua ni mazoea yetu. Tulidhani uvivu wetu ni jambo letu wenyewe, kumbe una bei sokoni, na fedha yake wanapokea wengine.

Lakini yatupasa kusema haki. Jaji huyohuyo alikiri kwamba mtambo wa Google ndio ulio bora katika biashara hiyo. Basi yawezekana kabisa kwamba tulichochaguliwa ni kizuri. Tena hakuna binadamu awezaye kupima kila kitu. Hatukuchagua jina letu, wala lugha yetu, wala kijiji tulichozaliwa. Na mama alitunywesha uji kabla hatujajua kuuliza umetiwa nini. Anayetaka kupima yote kabla ya kuishi atakufa njaa mbele ya chungu. Kwa hiyo kuchaguliwa kwenyewe si kosa.

Basi kosa liko wapi? Sisi Waanglikana tunao mfano wa karibu. Wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga, na wazazi wetu wa ubatizo wakajibu kwa niaba yetu. Lakini mambo hayakuishia hapo. Watu hao tuliwajua kwa majina, na tuliweza kuwaendea tukawauliza. Kisha ilipofika siku ya Kipaimara tuliulizwa wenyewe, mbele ya Askofu na watu wote, tukajibu kwa vinywa vyetu. Waliotuchagulia kwa upendo waliitamani siku ile ifike. Anayelipa ili tusiulizwe huomba siku kama hiyo isifike kamwe. Hapo ndipo ilipo tofauti.

Wako waliojaribu kuileta siku hiyo kwa sheria. Mwishoni mwa mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilikubaliana na kampuni ya Microsoft kwamba watu wa Ulaya wanaotumia Windows waonyeshwe ukurasa wa vivinjari mbalimbali, kila mtu achague anachotaka. Ukurasa huo ulianza kuonekana mwaka 2010. Baadaye iligunduliwa kwamba kati ya Mei 2011 na Julai 2012 haukuwatokea watu wapatao milioni 15, na katika mwaka 2013 kampuni ikatozwa faini ya yuro milioni 561. Sheria ilifanya kazi yake. Lakini tunajiuliza, katika hao milioni 15, ni wangapi waliokosa usingizi kwa kutoulizwa? Sheria yaweza kulileta swali mpaka mlangoni petu, haiwezi kutujibia.

Na hasara ipo, tena ya karibu. Mmoja wetu alikuwa akitafuta fomu ya mwanawe ya kujiunga na shule. Aliandika maneno yake, akabonyeza pale juu kabisa, akalipa fedha kama alivyoagizwa. Siku chache baadaye alikuta kwamba fomu ileile hutolewa bure na shule yenyewe. Pale alipobonyeza palikuwa tangazo la mtu wa kati, na neno dogo la kusema kwamba ni tangazo lilikuwapo. Fedha ile aliikusudia kwa sare za mtoto. Tulipomwuliza kwa nini alibonyeza pale, alijibu kwa unyofu, "Kwa sababu palikuwa pa kwanza." Si mjinga ndugu yetu huyu. Alifanya kama tunavyofanya sote kila siku, ila siku hiyo ilimgharimu.

Basi tunadhani jibu la swali la mzee ni hili. Maoni huwa yetu siku tunapoweza kusema kwa nini tunayashika, na pia ni jambo gani likitokea tutayaacha. Yule binti wa kwaya alikuwa nayo yote mawili: alijua kwamba kivinjari chake kinamwokolea bando, na kikitokea kingine kinachookoa zaidi atakihamia. Wala hakuhitaji elimu ya kompyuta. Alihitaji kujaribu na kuhesabu, kama mama wa nyumbani anavyopima mchele wa maduka mawili.

Hatusemi kila mtu akitupe anachokitumia. Twapendekeza jambo dogo tu. Jumamosi moja ukiwa na nafasi, fungua mipangilio ya simu yako, uangalie ni nini kimewekwa humo bila wewe kuulizwa. Jaribu kingine kwa juma moja. Ukirudi kwenye kile cha zamani, hakuna ubaya. Umerudi kwa miguu yako mwenyewe. Na hiyo mitambo mipya ya siku hizi inayojibu maswali kama mtu nayo yaja ikiwa imepangwa na watu tusiowajua. Aliyezoea kuuliza juu ya kivinjari atakumbuka kuuliza na juu ya hiyo.

Na yule mzee je? Jumapili iliyofuata tulimwuliza yeye anatumia kivinjari gani. Akatia mkono mfukoni, akatuonyesha simu ndogo ya vitufe yenye tochi. "Mimi hii nimeichagua," akasema. "Chaji yake hukaa siku nne, na nikitoka kwenye sala ya jioni hunimulikia njia. Mkinionyesha nyingine ya kufanya hivyo na zaidi, nitainunua."