Milima Haikutani, Binadamu Hukutana

Ukisimama Boma la Ng'ombe asubuhi ya anga safi, Kilimanjaro huonekana upande mmoja na Meru upande wa pili. Mmoja una urefu wa mita 5,895, mwingine umepita mita 4,500. Imetazamana tangu zama za kale mno, na hakuna hata mmoja uliowahi kupiga hatua kuuendea mwenzake. Picha ya namna hiyo ndiyo iliyobebwa na methali tunayoisikia tangu utotoni: milima haikutani, lakini binadamu hukutana.

Wazee huitamka methali hii katika nyakati tatu. Huitamka kwa furaha, watu waliopoteana wanapoonana ghafla sokoni au stendi ya basi. Huitamka kwa kufariji, mtu anapoaga kwenda mbali na wanaobaki wanafuta machozi. Tena huitamka kwa kuonya, pale mtu anapomdhulumu mwenzake akidhani hawataonana tena duniani.

Siku hizi matumizi ya kwanza yamekaribia kuyameza mengine, na methali imebaki kuwa maneno ya kushangilia bahati. Mimi naamini uzito wake ni mkubwa kuliko hapo. Mlima una ukubwa, una umri, una heshima ya kutazamwa na kila apitaye, lakini hauna nia. Binadamu ni mdogo na siku zake ni chache, ila amepewa miguu ya kumwendea mwenzake, kumbukumbu ya kumjua aliyemwacha nyuma, na moyo wa kufungua mlango anapobishiwa hodi. Kukutana kwa watu ni tendo la hiari, na kila tendo la hiari lina wajibu wake. Jambo hili lilinikaa sawasawa tulipokwenda Ulaya, mimi, mume wangu na watoto wetu, kuwatembelea marafiki ambao maisha yamewatawanya Brussels, Leiden na Hamburg.

Safari kama hiyo huanza na makaratasi. Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zote zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha, nayo humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi ambayo mtakaa muda mrefu zaidi, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki na barua ya mwaliko. Kwa Ujerumani, mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake, akaonyesha kipato chake na kutia saini kwamba gharama zote za mgeni, hata za matibabu, zitakuwa juu yake. Shoga yangu wa Hamburg alitia saini hiyo kwa ajili ya familia yetu nzima. Yeye ni muuguzi, anaishi kwa mshahara wa zamu za usiku, na hakuna aliyemlazimisha. Sisi hatujapanda ndege, yeye alikwisha kutujia nusu ya njia. Ndiyo maana nasema binadamu hawakutani kwa bahati peke yake. Nyuma ya kukumbatiana kule uwanja wa ndege kuna mtu aliyepanga foleni, aliyedunduliza, aliyekubali kubeba dhamana ya mwenzake.

Brussels tulifikia kwa familia kutoka Bukavu, mashariki ya Kongo, ambayo zamani ilikuwa jirani yetu Dar es Salaam. Waliishi ukuta mmoja na sisi baada ya kukimbia vita kwao, wakati ambapo hawakuwa na uhakika wa kodi ya mwezi unaofuata. Sasa wanakaa karibu na Matonge, mtaa wa Wakongomani katika manispaa ya Ixelles, uliopewa jina la mtaa maarufu wa Kinshasa. Pale Kilingala, Kiswahili cha mashariki ya Kongo na Kifaransa hupishana katika duka moja, na pondu, yaani kisamvu, huuzwa kama iuzwavyo kwao. Mama mwenye nyumba alipotufungulia mlango alisema maneno mawili tu: "Nilijua mutakuja." Akatukalisha, akapakua chakula, kisha akawasimulia watoto wangu jinsi walivyoondoka Dar kwa haraka na kutuachia cherehani yao, na jinsi tulivyoiuza baadaye na kuwatumia fedha yote bila kupunguza. Sisi jambo lile tulikuwa tumelisahau. Yeye alikuwa amelihifadhi.

Hapo methali inafungua mlango wake wa pili. Kukutana kwa kesho hutengenezwa na kuagana kwa leo. Mtu unayemtendea haki akiwa mnyonge anaondoka na habari zako, na mtu unayemnyanyasa pia anaondoka nazo. Wahenga walisema wema hauozi, na walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali zote hizo zinatufundisha kuishi na kila mtu kama mtu tutakayeonana naye tena. Hayo ndiyo maadili yenyewe: kumheshimu mpangaji, mkimbizi, mtumishi wa nyumbani, mwanafunzi mtukutu, pasipo kujua ni yupi kati yao atakayekuja kutukaribisha siku ya mbali.

Leiden tulimtembelea mzee Mholanzi aliyewahi kufundisha sekondari mkoani Kilimanjaro, akiwa na mkewe, katika miaka ambayo mume wangu alikuwa darasani kwake. Watoto walipomwamkia "Shikamoo", akajibu "Marahaba, wanangu" bila kusita. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, hakuthubutu kumwita kwa jina lake. Alimwita "Mwalimu" tangu asubuhi hadi usiku. Yule mzee alitueleza kwamba tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa akimwita hivyo. Nikaona maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipofika kwetu kijana alikuwa mgeni asiyejua hata kuomba maji. Wazazi wa wanafunzi wake walimlisha ndizi, wakamfundisha salamu, wakamuuguza malaria. Leo yeye ndiye aliyekuwa akitushika mkono kuvuka mifereji ya mji wake. Mwenyeji na mgeni ni vyeo vya kupokezana. Anayedhani amezaliwa mwenyeji wa kudumu hajaielewa dunia, na anayewadharau wageni mlangoni kwake akumbuke kwamba naye atabisha hodi mahali.

Hamburg ndiko methali iliponipa funzo gumu. Shoga yangu alitupeleka makaburi ya Ohlsdorf, mahali alipozikwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani kwa siri, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akafunga naye ndoa Aden mwaka uliofuata na kuhamia Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Ndugu yake Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka huohuo, alizuru London mwaka 1875. Salme alikwenda London kwa matumaini ya kuonana naye. Afisa wa Kiingereza akamshawishi asimkaribie, kwa ahadi ya kusaidiwa watoto wake. Ndugu wawili wa baba mmoja walikuwa katika mji mmoja, na hawakuonana. Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Wajerumani, akapita mitaa aliyokulia, na Barghash akakataa kumpokea. Barghash alifariki mwaka 1888. Salme aliishi hadi mwaka 1924, akafia Jena.

Mbele ya kaburi lile mtu atauliza: je, methali imesema uongo? Naona haijasema uongo. Inaeleza uwezo aliopewa binadamu, na uwezo unaweza kukataliwa. Kiburi cha ufalme, aibu ya ukoo na hila za dola kubwa viliwafanya watu wawili wenye miguu na kumbukumbu wawe milima. Umbali wa bahari walikuwa wameshauvuka. Iliyokwama ni mioyo. Kwa hiyo tusiitumie methali hii kama mto wa kulalia, tukisema iko siku tutaonana tu. Ipo siku ya kuonana kwa wanaoitafuta.

Kutoka Hamburg tulikwenda Berlin, maana watoto walitaka kumwona dinosaria mkubwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wa Kusini hadi bandarini, na leo umbo lake limesimama kwa urefu unaozidi mita 13. Mwanangu wa kwanza akauliza kwa nini kitu cha kwetu kiko kwao. Hapo nililazimika kumweleza kwamba si kila kukutana kwa watu kulikuwa kwa heri. Miaka michache kabla ya uchimbaji ule, nchi ileile ya Kusini ilikuwa imeteketezwa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa vita hivyo, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Walionyonga walidhani habari imekwisha. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha. Waliotenda na waliotendwa wote walikuwa wamekwisha kufa, lakini deni lilibaki hai hadi vitukuu wakaonana ana kwa ana. Hilo ndilo onyo la methali katika ukubwa wake wote: dhuluma haizikwi na aliyedhulumiwa.

Atakayepinga ana methali zake mkononi. Atasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na asiyekuwapo na lake halipo. Ni kweli, umbali hudhoofisha. Simu zimetusaidia sana, na watoto wangu walimjua mama yao mkubwa wa Hamburg kwa sura na sauti kabla hawajamshika mkono. Hata hivyo, ni katika kukaa naye meza moja walipoona jinsi anavyorudi kutoka kazini alfajiri amechoka na bado anawauliza wanataka kula nini. Picha ya simu haiwezi kumwonyesha mtu anavyojitoa.

Ni kweli pia kwamba wengi hawana uwezo wa safari hizi. Nauli ni kubwa, viza hukataliwa, na wapo wanaosubiri uamuzi wa ukimbizi ambao hawawezi kuvuka mpaka wowote hata msiba ukitokea kwao. Kwao wajibu wa methali hauondoki, ila unabadilika sura: ni salamu isiyokatika, ni mchango wa matanga unaofika kwa wakati, ni kumtaja aliye mbali katika dua. Na kwa mwenye uwezo, wajibu unakuwa mzito maradufu. Mwenye nauli ndiye amfuate asiye nayo. Mwenye nyumba ndiye afungue mlango. Aliyekosa ndiye atangulie kuomba radhi, na aliyekosewa asiufunge mlango milele.

Msomaji wangu, unaye mtu ambaye mmeachana kwa umbali au kwa maneno. Huenda yuko Muscat, Toronto au Mwanza. Huenda yuko nyumba ya tatu kutoka kwako. Mtafute angali hai nawe ungali hai. Ukishindwa kwenda, mwite aje. Ukishindwa kumwita, mpelekee salamu na mtu unayemwamini. Mwenyezi Mungu ameinyima milima uwezo huo akatupa sisi, na kwa neema hiyo tutaulizwa.