Mtoto Huyu Tutamwachia Nani?

Tangu Januari 2024, raia wa Oman mwenye ulemavu, akishatathminiwa, hulipwa riali 130 kwa mwezi na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ulioanzishwa chini ya sheria ya 2023. Kila mtoto, mzima au mgonjwa, ana riali zake 10. Ukienda spitali ya serikali, unacholipa ni kidogo mno. Ndiyo maana hapa Maskati, mzee aliyerudi kutoka Unguja baada ya 1970 na akakumbuka alikotoka, huona hana haki ya kulalamika.

Lakini ukubwa wa mzigo wa malezi huonekana pale mtoto mwenye usonji anapohitaji mwalimu wake peke yake. Vituo binafsi hutoza kwa kipindi: cha matamshi mbali, cha viungo mbali, na mtoto hahitaji mwezi mmoja, anahitaji miaka. Hapo baba huchukua mkopo wa benki juu ya mkopo wa gari, mama husubiri zamu yake ya upatu, na kile kiwanja walichopewa na serikali kikauzwa kabla hakijajengwa. Zaka nayo huulizwa. Baba hawezi kumpa mwanawe zaka yake, kwa sababu matunzo ya mtoto ni wajibu wake tayari. Ami au mjomba anaweza, ikiwa nyumba ile kweli ina haja. Wengi hawaombi, kwa kuona haya.

Makao ya kulelea watu wa namna hii ni machache, na hata yangekuwa mengi, tungesema wanetu hatuwatupi. Kauli nzuri hiyo. Lakini tazama nani anayeitekeleza: dada aliyeacha kazi, anayemwosha nduguye mwenye miaka ishirini, anayemshika mkono asijigonge kichwa ukutani, na posa zake zikapita. Kaka zake huja Ijumaa, wakala, wakamsifu kwa subira yake. Mimi naiita hiyo ada, na anayeilipa ni mtu mmoja kwa niaba ya ukoo mzima.

Wazazi wakifariki, hesabu huwa ngumu zaidi. Mtoto huyu ni mrithi, kwa hiyo hawezi kuongezewa kwa wasia ila warithi wenzake waridhie, na ridhaa ya matangani si ya kutegemea. Njia iliyobaki ni hiba, baba angali hai na akili zake timamu. Wapo wanazuoni walioruhusu kumzidishia mtoto mmoja kwa sababu ya haja kama hii. Duka au nyumba ya kupangisha iandikwe kwa jina lake, ateuliwe msimamizi, na kaka wote wasikie ingali mapema, hata wakinuna. Na kama msimamizi ni yule dada, aandikiwe ujira wake kutoka kwenye kodi hiyo hiyo.