Uongo wa Bisibisi

Je, mtu aweza kusema uongo bila kufungua kinywa? Wengi wetu twadhani kwamba uongo ni maneno, na asiyesema neno hana hatia. Hebu tulipime wazo hilo mahali ambapo huenda hatukulitazamia: kwenye injini ya Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe.

Motokaa hiyo twaijua sana. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, lakini ziko ambazo wenyewe wanazitunza na kuziendesha hadi leo. Nazo, kama motokaa nyingine za kabureta, zina ugonjwa mmoja unaojulikana. Dereva anasimama, anaondoa mguu kwenye mafuta, lakini injini haitulii. Inaendelea kupiga resi kana kwamba mguu ungali pale. Injini ya miaka ya 1970 ikishapata moto yapasa izunguke kiasi cha mara 850 kwa dakika gari likiwa limesimama; hii yazunguka 1,500 au 2,000.

Resi yenyewe si kosa wakati wote. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ni haki yake. Ndani ya kabureta mna choki, yaani kilango kinachopunguza hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi. Kilango hicho hushikwa na springi inayopashwa joto kwa umeme. Springi ikipata moto, kilango hufunguka polepole, na kipande chenye ngazi kilichokuwa kimeuinua mkono wa kabureta hushuka ngazi moja baada ya nyingine, hata injini itulie. Ni kazi ya dakika chache. Resi huwa ugonjwa pale inapokataa kushuka.

Sababu zaweza kuwa kadhaa. Pengine waya wa umeme wa choki umechomoka. Pengine waya wa mafuta umekauka ndani ya bomba lake, au springi ya kurudisha mkono imechoka. Pengine gasketi chini ya kabureta imepasuka na hewa inapita mahali pasipo pake. Fundi mwangalifu huanza kwa kidole chake: huusukuma mkono wa kabureta upande wa kufunga. Resi ikishuka, ajua kwamba kuna kitu kinauzuia mkono usirudi, naye hukitafuta. Isiposhuka, huanza kutafuta panapovuja hewa. Kazi hiyo yataka subira, na huenda ikala saa nzima.

Lakini iko njia ya mkato. Kwenye kabureta hiyo mna skrubu za kurekebishia mwendo wa injini. Mtu akichukua bisibisi na kuzungusha kidogo, kelele yaweza kwisha katika nusu dakika. Injini yatulia, na kila mtu afurahi. Lakini choki bado imekwama, au gasketi bado imepasuka. Choki isiyofunguka yaendelea kumwaga petroli, ambayo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuzila polepole. Hewa inayovuja huifanya injini iunguze kupita kiasi, na injini hiyo hupozwa kwa upepo tu. Tena, kesho asubuhi, injini ikiwa baridi na imenyimwa resi yake ya haki, huzimika katikati ya njia panda, lori likija.

Sasa tuseme mwenye motokaa ataka kuiuza. Mnunuzi aja saa nne asubuhi. Saa tatu mwenyewe achukua bisibisi, azungusha skrubu, arudi kuketi barazani. Mnunuzi awasha, asikiliza, aridhika, alipa. Muuzaji hakusema hata neno moja la uongo. Je, amedanganya?

Wako watakaosema hapana. Mnunuzi ana macho na masikio, watasema, naye angeweza kumleta fundi wake. Hoja hii ina uzito kidogo, kwa maana kila mtu yampasa awe mwangalifu na mali yake. Lakini tuangalie lililotendeka saa tatu. Resi ile ilikuwa shahidi. Ilikuwa ikimwambia kila aliyeisikia: hapa pana kasoro. Muuzaji hakunyamaza tu. Alimnyamazisha shahidi, kisha akamwambia mwenzake atumie masikio yake. Anayekaa kimya huacha ukweli mahali ulipo. Anayezungusha skrubu huuondoa ukweli na kuweka kitu kingine mahali pake. Twaona kwamba huo ni uongo kamili, ingawa ulisemwa kwa bisibisi.

Hata hivyo tusimhukumu kila anayeishika bisibisi. Fundi aliyekukuta njiani usiku, mbali na duka la spea, aweza kupunguza resi kwa skrubu ili ufike nyumbani, akakuambia: "Mzee, nimetuliza tu, sijaponya. Kesho mtafute fundi aitazame choki." Mkono ni ule ule, skrubu ni ile ile, wala hakuna uongo. Tofauti ni kwamba aliyetulia kwa ajili ya msaada huo amejua alichopewa.

Na tusidhani kwamba jambo hili lawahusu wenye magari peke yao. Nyumbani mtoto akilia kila akitumwa dukani, ni rahisi kumkaripia anyamaze, kuliko kuuliza huko dukani kuna nini. Katika kikao, mjumbe anayeuliza habari za hesabu kila mwezi aweza kuondolewa, na kikao kikawa na amani kubwa. Tumepata utulivu, naam, lakini tumeupata kwa kuzungusha skrubu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nao hawakusema kwamba mgonjwa alilazimika kutamka neno, kuficha kulitosha.

Basi tunapotaka kutuliza jambo lolote, yatupasa tujiulize maswali mawili. La kwanza: je, tumejua kwa nini linapiga kelele? La pili: je, yule atakayeutegemea utulivu huu kesho, amejua tulichofanya leo? Kama majibu yote mawili ni hapana, heri tuiweke bisibisi chini, tuiache injini iseme, nasi tuisikilize.