Huyu Mnamjua?

Ujumbe uliingia saa 4:19 asubuhi, siku ya Jumanne. Picha moja, imepigwa kutoka dirisha la juu, nondo zimeonekana pembeni. Kijana mwembamba, sweta lenye kofia, begi mgongoni, amesimama mbele ya geti jeusi anatazama simu yake. Chini ya picha: "Huyu mnamjua? Yuko hapa tangu saa tatu, anapita anarudi."

Kundi letu la wasap la mtaa, huku Dar, lina watu 200 na kitu. Wengi siwajui kwa sura. Nawajua kwa tabia: yule anayetuma dua kila alfajiri, yule anayeuliza kama umeme umekatika kwa wote au kwake tu, yule anayeuza mayai, na yule anayemkumbusha kila mara kwamba hapa si mahali pa kuuzia mayai. Haikupita dakika majibu yakaanza. "Simjui." "Mimi pia simjui." "Wiki iliyopita si ndiyo wameiba mtungi wa gesi?" "Ulinzi shirikishi wako wapi?" "Msimwache aondoke."

Mimi nilikuwa kazini, kwenye kikao cha asubuhi, simu iko chini ya meza. Na nilikuwa namjua.

Si kumjua kwa undani. Ni kijana wa fundi wangu wa aluminiamu. Wiki moja kabla alikuja na bosi wake kuangalia dirisha langu la jikoni, na siku hiyo alikuwa anarudi peke yake kuchukua vipimo. Mimi ndiye niliyemwelekeza: ukishuka kituoni nyoosha, ukipita kwa Mangi utaona geti jeusi. Mtaa wetu una mageti meusi yasiyopungua sita.

Nilijibu saa 4:30. Ni dakika 11. Sikuzihesabu siku ile, ila kundi limezitunza, kila ujumbe na saa yake, na tangu hapo nimezirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikaanza kusoma habari za wenzetu waliotangulia kwenye jambo hili. Marekani kuna programu inaitwa Nextdoor, yaani mlango wa pili, iliyoanza kutumika rasmi 2011 huko California. Wazo lake ni zuri, sitalibeza. Watu wanaishi ukuta kwa ukuta miaka kumi bila kujuana majina. Basi wapewe sehemu yao ya kuzungumza, mtaa kwa mtaa. Paka kapotea, nani ana ngazi ya kuazima, fundi bomba gani mwaminifu. Machi 2020, korona ilipofungia watu ndani, waliongeza ramani ambayo mtu aliweza kujiandikisha kwamba yuko tayari kumnunulia jirani mzee dawa au chakula. Watu walisaidiana kweli.

Jambo lililonivutia ni masharti ya kuingia. Tofauti na mitandao mingine, hawa walitaka jina lako halisi na uthibitisho wa unapoishi. Njia mojawapo ilikuwa kutumiwa kadi ya posta yenye namba ya siri nyumbani kwako. Nyuma ya masharti hayo kuna nadharia ya maadili ambayo wengi wetu tunaiamini bila kuichunguza: kwamba ubaya wa mtandaoni unatokana na watu kujificha. Mtoe mtu kwenye giza, mpe jina na nyumba namba fulani, atakuwa na adabu.

Mwaka 2015 gazeti la East Bay Express la Oakland liliandika jinsi wakazi Weusi wa mji huo walivyokuwa wakijikuta kwenye programu hiyo kama watu wa kushukiwa. Kosa lao lilikuwa kutembea, kuendesha gari taratibu, kugonga mlango. Waliowaandika hawakuwa wamejificha hata kidogo. Walikuwa na majina yao, picha zao, mitaa yao. Asiyekuwa na jina alikuwa mmoja tu, yule aliyeandikwa. "Mwanaume mweusi, koti jeusi." Basi.

Kwa hiyo nadharia ya jina ilikuwa imetazama upande mmoja tu.

Mwaka uliofuata kampuni ilibadilisha fomu. Ilizungumza na wakazi na wataalamu, akiwamo Jennifer Eberhardt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ukitaka kutoa taarifa ya uhalifu na ukataja rangi ya mtu, fomu ilikudai sifa nyingine angalau mbili: nywele, nguo, viatu. Ilikudai pia useme alikuwa anafanya nini hasa. Kampuni yenyewe ilisema posti za kushuku watu kwa rangi zilipungua kwa asilimia 75 katika maeneo ya majaribio. Tuseme hesabu hiyo imetoka kwa mwenye duka, tuipunguze. Bado inabaki kitu cha kufikirisha. Watu wale hawakuhubiriwa, wala hawakubadilika mioyo ndani ya miezi michache. Walidaiwa kazi kidogo kabla ya kushuku, na wengi wakagundua kwamba hawana cha kujaza.

Hapo ndipo nikazielewa dakika zangu 11.

Nimejaribu kujitetea kwa kikao. Mhariri alikuwa anaongea, simu ilikuwa chini ya meza. Sawa, hiyo inakula dakika mbili, tatu nikijipendelea. Zilizobaki nilikuwa nasoma. Nasoma watu wakisema hawamjui, mmoja baada ya mwingine, na taratibu na mimi nikaanza kutomjua. Nikaikuza picha kwa vidole. Ni yeye kweli? Na kama ni yeye, saa nzima anatafuta nini? Mbona hajanipigia? (Alinipigia mara tatu. Simu ilikuwa kimya kwa sababu ya kikao, na mimi nilikuwa natazama picha yake badala ya kutazama nani kanipigia.) Halafu likaja swali lenyewe, ambalo ndilo lililonifunga vidole: nikimtetea, halafu kesho kikaibiwa kitu, nani atajibu?

Wale waliosema "simjui" hawakuwa na swali hilo. Hata aliyesema "msimwache aondoke" hakuwa nalo. Kama kijana angekuwa mwizi, wangeonekana wako macho. Kama angekuwa si mwizi, wangesema tulikuwa waangalifu tu, samahani zake. Kwao hapakuwa na upande wa hasara. Mimi ndiye niliyetakiwa kuweka jina langu rehani kwa ajili ya mtu niliyemwona mara moja. Kwenye kundi lile kushuku ni bure, kudhamini kuna gharama, na mimi nilisita kulipa.

Nasikia mtu akisema zamani haikuwa hivi. Tusidanganyane. Nilipokuwa mdogo Morogoro, mgeni akilala kwetu baba alikwenda kutoa taarifa kwa balozi wa nyumba kumi, ingawa vyama vingi vilikuwa vimesharudi tangu 1992 na hakuna aliyemlazimisha. Balozi alikuwa mlinzi wa amani, na alikuwa pia sikio la chama. Wapo waliosemewa kwake kwa chuki tu. Kenya nao walipofufua Nyumba Kumi 2013, mwaka wa shambulio la Westgate, wapo waliouliza kama ni ujirani au ni kuchunguzana. Macho ya majirani hayajawahi kuwa na huruma tupu.

Lakini kulikuwa na ule mwendo. Ukimshuku mtu, ulivaa kandambili ukaenda kwa balozi. Ukapiga hodi, ukakaribishwa, ukakaa kwenye kigoda, ukaulizwa habari za nyumbani. Halafu yule mzee akakuuliza: umemwona akifanya nini? Ukajibu ukiwa unatazamwa usoni. Wengi, nadhani, waliishia njiani. Mwendo ule ulikuwa fomu ya Oakland, ila ilijazwa kwa miguu.

Na hodi yenyewe. Wapwani na wabara wote tunayo, na tumeizoea mpaka hatuioni tena. Hodi inampa mgeni neno la kwanza. Kabla hujamfikiria lolote, yeye ameshasema: niko hapa, natambua hapa ni kwako, naomba. Immanuel Kant, kwenye andiko lake la 1795 juu ya amani ya kudumu, alisema mgeni ana haki ya kutotendewa kiadui kwa sababu tu amefika kwenye ardhi ya mwingine. Bibi yangu hakumsoma Kant, lakini angemshangaa mtu anayehitaji kuelezwa hilo. Methali yetu inampa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Sisi tulimpa chini ya dakika moja.

Sitaki kuifanya hofu ionekane ujinga. Nakumbuka Septemba 2022, hofu ya Panya Road ilipokuwa juu, mimi mwenyewe nililala na panga chini ya kitanda, na sijui ningefanya nalo nini. Kuna watu mtaani kwetu wamevunjiwa na kuumizwa. Anayemwambia mjane anayeishi na wajukuu asiwe na wasiwasi na mtu asiyemfahamu chini ya dirisha lake, huyo anaishi kwenye nyumba yenye uzio wa umeme. Kushuku si dhambi. Ugumu ni kwamba shaka ikiingia kwenye simu 200 haibaki shaka. Inatoka upande wa pili ikiwa na miguu.

Ninajua inakokwenda kwa sababu ya kazi yangu. Sisi waandishi wa habari tuna maneno tuliyoyazoea mpaka yamekuwa kama muhuri: "wananchi wenye hasira kali". Nimeyaandika mara kadhaa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinahesabu vifo hivyo kila mwaka kwenye ripoti yake, na sisi tunavipa aya nne ukurasa wa ndani. Sikumbuki hata mara moja nimeandika nani aliyesema neno la kwanza, au nani alikuwa anamjua marehemu akanyamaza.

Huko Georgia, Marekani, Februari 23, 2020, Ahmaud Arbery, miaka 25, alifukuzwa kwa magari akiwa anakimbia kwenye mtaa usio mbali na kwao, akapigwa risasi akafa. Kabla ya siku hiyo kamera ya nyumba iliyokuwa inajengwa ilimnasa akiingia kuangalia, na picha zile zilikuwa zimeshaoneshwa kwa majirani. Hapakuwa na ushahidi kwamba aliwahi kuchukua kitu mle ndani. Watatu walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka uliofuata. Nikisoma habari ile sikai sana kwa wenye bunduki. Nawafikiria waliokuwa wameiona video na kwenda kulala.

Kwetu haikufika huko. Saa 4:30 niliandika: "Namjua. Ni kijana wa fundi wangu, anakuja kwangu." Pakawa kimya. Halafu mmoja akajibu, "Ungesema mapema." Halafu mwingine akatuma bei ya trei ya mayai.

Wakati huo kijana alikuwa ameshakalishwa chini mbele ya duka la Mangi, viatu na mkanda pembeni, simu yake mikononi mwa mtu. Mangi aliniambia jioni kwamba alipigwa vibao viwili tu. Kijana aliniambia vinne. Nilimwomba radhi, akasema, "Kawaida tu kaka," kwa namna ambayo ningependa isingekuwa kawaida. Nikamuuliza kwa nini hakugonga mageti kuulizia. Akasema alipiga hodi mawili. Hakuna aliyeitika.

Usiku nilikwenda kwa aliyetuma picha. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaniitikia vizuri, akanikaribisha ndani na kumtuma mjukuu kuniletea maji. Ni mama mtu mzima, mpole. Mtungi ulioibwa ulikuwa wake. Nilikwenda na hotuba yangu kichwani, na alipoanza kunieleza jinsi anavyolala siku hizi, na kochi lililosukumwa mlangoni, hotuba ikaniishia.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliuliza tu."

Na ni kweli. Kwenye ujumbe wake kuna alama ya kuuliza. Aliuliza watu 200, wengine wakiwa Dodoma, mmoja yuko masomoni India, isipokuwa mtu aliyekuwa hatua kumi chini ya dirisha lake. Nikamwambia kijana alisema alipiga hodi. Akanyamaza kidogo.

"Nilisikia mtu anagonga," akasema. "Nikaogopa kuitika."

Nilikunywa maji yangu. Sikuwa na la kumwambia, maana mimi sikuwa na woga wake, na bado nilikaa kimya dakika 11.

Jumamosi simu iliita mapema. "Kaka, niko hapa kituoni. Njoo unichukue." Kutoka kituoni mpaka kwangu ni mwendo wa dakika tano, kunyooka tu, na njia alikuwa ameshaijua. Nilivaa nikaenda. Tulirudi pamoja, tukapita kwa Mangi, tukapita chini ya lile dirisha. Hakuvaa sweta siku hiyo, ingawa ilikuwa inanyesha.