Jasho la Mvumbuzi ni la Nani?

Mtoto wa Kanama, katika milima ya Rubavu, afunguapo daftari lake haulizi lilitoka wapi. Nasi walimu aghalabu hatumwelezi. Karatasi ile ni nyuzi za mti zilizotenganishwa ndani ya maji, zikatandazwa na kukaushwa. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ni kitu ambacho wataalamu hukiita selulosi.

Zamani karatasi ya Ulaya ilifanywa kwa matambara, na kufikia karne ya 19 matambara hayakutosha. Mfumaji wa Kijerumani, Friedrich Gottlob Keller, aliyezaliwa Hainichen mwaka 1816, akagandamiza kipande cha mti kwenye jiwe la kunolea lililozunguka huku likimwagiwa maji. Akapata rojo la nyuzi lililofaa kwa karatasi. Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Jiwe la kusagia! Bibi zetu nao walisagia mtama juu ya jiwe.

Keller hakuwa na mtaji. Mwaka 1846 alimwuzia Heinrich Voelter uvumbuzi wake kwa thaler 700. Ulipowadia wakati wa kulipia hataza upya, mwaka 1852, alikosa fedha, na haki yake ikapotea. Mashine zikaenea duniani. Yeye akafa mwaka 1895 bila utajiri, ingawa uzeeni watengenezaji wa karatasi walimchangia.

Je, alidhulumiwa? Mwanasheria atasema la: aliuza kwa hiari yake. Tena Voelter hakuwa mwizi, kwani alitia mali na miaka yake katika kazi ile. Lakini hiari ya mtu asiye na akiba ni hiari ya namna gani? Mimi naona sheria haikuvunjwa, na dhuluma ilikuwapo.

Lugha yetu yatusaidia kulitazama jambo hili. Kubuni ni kutunga kwa akili. Kuvumbua ni kufichua kilichofichika. Aliyebuni aweza kusema, "Hiki ni changu." Aliyevumbua amezikuta nyuzi zimo tayari mtini, na pengine wengine walikwisha kuzigusa kabla yake.

Tutazame kwetu. Katika miaka ya 2010 shirika la SHE, lililoanzishwa na Mmarekani Elizabeth Scharpf, lilianza kutengeneza taulo za kike kwa nyuzi za mgomba wilayani Ngoma, mashariki mwa Rwanda. Kuzilainisha nyuzi hizo hata zikafyonza ni kazi ya kitaalamu, na yastahili sifa. Hata hivyo, muda mrefu kabla ya hapo watu wetu walisokota kamba na kata za kubebea mizigo kwa nyuzi za mgomba huohuo. Aliyejua kwanza kwamba shina lile, ambalo huachwa lioze mkungu ukishakatwa, lina uzi imara, hana hataza wala jina.

Huyo hatuwezi kumlipa. Wajukuu wake twaweza, kwa bei ya nyuzi. Mkulima yeyote apimaye mzigo wake mbele ya mnunuzi mmoja tu, na nyumbani ana ada ya shule isiyongoja, yupo mahali palepale alipokuwa Keller mwaka 1846.