Goli la Kujifunga: Ni Dhambi ya Nani?



Tarehe 15 Juni 2014, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, timu ya taifa ya Bosnia na Herzegovina ilicheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Tunazungumzia nchi iliyojitangazia uhuru mwaka 1992 na papo hapo ikatumbukia katika vita vilivyokwisha 1995. Watu wapatao laki moja walikufa, na wengi wao walikuwa Waislamu wa nchi hiyo. Kwa hiyo kupigiwa wimbo wa taifa pale Brazil halikuwa jambo dogo kwao. Mechi haijatimiza dakika tatu, Lionel Messi akapiga mpira wa adhabu, Marcos Rojo akaugusa kwa kichwa, ukamgonga mguuni beki mmoja wa Bosnia aliyekuwa anarudi kukaba, ukaingia wavuni. Beki huyo ni Sead Kolašinac. Zilikuwa zimebaki siku tano atimize miaka 21.

Argentina ilishinda 2-1. Ukiliondoa goli lile, ni sare. Na kwa kuwa liliingia mapema mno, liliandikwa kuwa goli la kujifunga la haraka kuliko yote yaliyowahi kufungwa katika Kombe la Dunia. Yaani kijana ametafuta nafasi ya kuitumikia nchi ya asili yake, akaipata, na kitu cha kwanza dunia inachoandika mbele ya jina lake ni hicho.

Nimemchagua mchezaji huyu kwa sababu kazi yake yote inanirudisha kwenye swali ambalo tunalisoma darasani kwa mifano ya ngamia na visima, na huku tunaliishi kila siku hapa chuoni: je, mtu analaumiwa kwa kilichotokea kupitia mkono wake, au kwa alichokusudia tu?

Wengi wetu tunajibu haraka. Tunaikumbuka hadithi ya nia, ile ya kwanza katika Arubaini ya Imam Nawawi, na tunaona mjadala umefungwa. Hakukusudia, basi hana lolote. Jibu hili ni tamu, lakini ni nusu ya jibu. Waulize fuqahaa kuhusu mtu aliyeteleza akavunja chombo cha mwenzake. Hawatasema amepata dhambi, lakini watasema alipe. Hata mtoto mdogo asiyejua lolote akiharibu mali ya mtu, mali hiyo inalipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo. Dhambi na dhamana ni vitu viwili. Dhambi inafuata moyo, na dhamana inafuata hasara, kwa sababu aliyepata hasara naye ana haki yake na haki hiyo haifutwi na usafi wa moyo wa mwingine.

Hapo ndipo mpira unapokwenda sambamba na fiqhi bila kujua. Refa hakumuuliza Kolašinac nia yake. Goli lilihesabiwa, na lilistahili kuhesabiwa. Hakuna hata mtu mmoja mwenye akili aliyesema amefanya dhambi.

Ndugu msomaji, ninaisisitiza tofauti hii kwa sababu neno "sikukusudia" limekuwa kama sarafu bandia mabwenini. Mtu anaazima kompyuta yako wiki ya mitihani, inamwagikiwa chai, anakuja na uso wa huruma: samahani, bahati mbaya, sikukusudia. Kisha anaondoka, na jioni unamwona anakula chipsi. Ukimkumbusha malipo, unaonekana huna imani, huna moyo wa udugu. Lakini kutokukusudia kwake kumemwondolea dhambi tu. Kompyuta bado haiwaki.

Sasa kuna upande wa pili, na huu una damu ndani yake. Tarehe 22 Juni 1994 beki wa Colombia, Andrés Escobar, alijifunga katika mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Marekani, na timu yake ikafungwa 2-1. Tarehe 2 Julai aliuawa kwa risasi mjini Medellín, na watu wengi waliihusisha mauti yake na goli lile. Huyu naye hakukusudia, lakini kuna waliompa hukumu ya aliyekusudia. Najua mfano huu ni wa kupita kiasi. Hata hivyo ukisoma matusi wanayoandikiwa mabeki kwenye simu za watu kila Jumamosi, utaona chanzo ni kile kile: mtu anakichukua kitu cha dhamana na kukigeuza kuwa dhambi.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya kile walichokiita bahati katika maadili. (Nagel alizaliwa Belgrade, katika Yugoslavia ile ile ambayo Bosnia ilikuja kujitoa.) Williams alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye, bila kosa lolote, anamgonga mtoto. Watu wote waliopo wanahuzunika, lakini huzuni ya dereva si kama yao. Na dereva huyo akijifariji haraka mno, akasema "si kosa langu" na kuendelea na safari, tutamshuku. Kuna kitu anachodaiwa, ingawa hana hatia. Williams alikieleza kitu hicho vizuri, ila nadhani Mwislamu aliyesoma Suratun Nisaa hatashangaa sana. Katika aya ya 92, aliyemuua muumini kwa makosa hakuambiwa aende zake kwa kuwa hakukusudia. Kuna diya kwa jamaa wa marehemu, na kuna kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Miezi miwili ya kufunga kwa jambo ambalo hukulitaka! Sheria imempa dereva yule kitu cha kufanya na huzuni yake.

Sisemi beki aliyejifunga afunge miezi miwili, tafadhali asije mtu akaninukuu hivyo. Goli si roho ya mtu. Ninalolitazama ni umbo la hukumu yenyewe, na ndani yake kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kafara ni ya muuaji mwenyewe, haibebwi na mtu mwingine. Diya ya makosa, kinyume chake, haimwangukii peke yake. Inabebwa na aqila, na inalipwa kwa miaka mitatu. Kwetu sisi wa pwani na bara la Afrika Mashariki, ambao wengi ni Mashafii, aqila ni ndugu wa kiume wa upande wa baba. Lakini Mahanafi walisema kwamba mtu akiwa ameandikwa katika diwani, yaani daftari la jeshi, basi aqila yake ni wale walioandikwa naye. Si lazima wawe damu moja. Wanatumikia pamoja, wanalipwa pamoja, basi na hasara ya makosa wanaibeba pamoja. Na Waislamu wa Bosnia, tangu enzi za Waosmani, ni Mahanafi.

Orodha ya wachezaji wa timu ni diwani. Mpira wa adhabu ule ulitolewa na timu, mpigaji hakuzuiwa, Rojo aliachiwa nafasi ya kuugusa, na mguu wa Kolašinac ulikuwa kituo cha mwisho tu. Kitabu cha rekodi hakina safu ya kuandika aqila. Kinaandika jina moja.

Siku sita baada ya mechi ile, Bosnia ilicheza na Nigeria. Edin Džeko akafunga goli safi, likakataliwa kwa kuitwa la kuotea. Nigeria ikashinda 1-0 na Bosnia ikawa imetolewa. Kwa Waafrika wengi ilikuwa furaha, na mimi sitajifanya vinginevyo, lakini goli lilikuwa halali. Waamuzi nao walikosea bila kukusudia. Kwa hiyo ukitafuta kosa moja lililoitoa Bosnia katika mashindano, huenda mguu wa Kolašinac hata hauko wa kwanza kwenye foleni.

Turudi kwa mtu mwenyewe, maana maisha yake hayakuishia dakika ya tatu. Alizaliwa Karlsruhe, Ujerumani, Juni 1993, wakati vita vya Bosnia vinaendelea. Alilelewa kimpira na Wajerumani na akazichezea timu zao za taifa za vijana kabla ya kuamua, mwaka 2013, kuichezea Bosnia. Amepita Schalke, Arsenal ambayo mashabiki wake wamejaa humu chuoni, Marseille, kisha Atalanta ya Italia. Watu wanamkumbuka zaidi kwa tukio la Julai 2019 mjini London, pale majambazi wenye visu walipolivamia gari alilokuwemo na Mesut Özil, naye akatoka nje akawakabili kwa mikono mitupu. Kamera ilinasa tukio hilo, dunia ikashangilia.

Mimi linanivutia zaidi jambo ambalo halikushangiliwa. Mwaka 2017 aliondoka Schalke mkataba wake ulipokwisha, klabu isipate hata senti. Hilo lilikuwa haki yake, lakini wapo waliochukia. Januari 2021 alirudi kwa mkopo. Schalke ilikuwa mkiani mwa ligi, na ilikuwa imekaa karibu mwaka mzima bila kushinda mechi ya ligi. Mechi 30 bila ushindi, moja tu nyuma ya rekodi mbaya ya Tasmania Berlin ya msimu wa 1965/66. Wiki ya pili ya Januari wakaifunga Hoffenheim 4-0 na mkosi ukakatika. Haikusaidia. Aprili walifungwa 1-0 na Arminia Bielefeld, wakashuka daraja, na usiku ule waliporudi Gelsenkirchen baadhi ya mashabiki waliwarushia wachezaji mayai na kuwakimbiza.

Sasa pima mambo haya mawili. Goli la 2014 hakulichagua, nalo limeandikwa milele. Kurudi Schalke alikuchagua, nako hakuna rekodi yoyote ya kukuhesabu. Kinachoandikwa ni kwamba msimu ule timu ilishuka, naye alikuwemo. Mwenye kupinga ataniambia: unajuaje alirudi kwa wema? Arsenal hakuwa na nafasi, alihitaji kucheza, labda Schalke ndio waliomtaka tu. Ni kweli, na siwezi kumjibu. Nia ya mtu ameificha Mwenyezi Mungu hata kwa jirani yake, sembuse kwa mwanafunzi anayetazama mpira kwenye skrini ya kibandani. Lakini angalia kile ambacho pingamizi hili linakifanya. Kama siwezi kuiona nia yake nikamsifu, basi na mwenye kutukana beki haioni nia ya beki akamhukumu. Tukubaliane sote wawili kubaki kwenye dhamana: timu imefungwa, timu ilipe kwa kucheza vizuri mechi ijayo.

Tarehe 22 Mei 2024, mjini Dublin, Atalanta iliifunga Bayer Leverkusen 3-0 katika fainali ya Ligi ya Europa. Magoli yote matatu alifunga Ademola Lookman wa Nigeria. Kolašinac alianza mechi, akatolewa wakati wa mapumziko. Medali aliyovishwa usiku ule ilikuwa sawa na ya Lookman, na sijasikia mtu yeyote akiuliza kwa nini.